Kichujio cha tarehe katika Firestore kinaacha baadhi ya oda

Swali
Habari za kazi, ndugu zangu. Nina mkusanyiko wa oda katika Firestore, yaani hifadhidata ya Google ya mtandaoni, na kila hati ina uga (sehemu ya kuwekea data) uitwao tarehe. Ninapotafuta oda za Machi 2024 kwa kichujio kinachoanzia >= new Date("2024-03-01") na kukomea <= new Date("2024-03-31"), napata karibu zote, isipokuwa zile za usiku wa kuamkia tarehe 1, na za tarehe 31 zinakuja chache tu, yaani zilizoingia kabla ya saa 9 usiku. Aidha, oda zilizohamishwa kutoka mfumo wa zamani hazionekani kabisa, ingawa nikifungua hati moja moja naziona na tarehe zake. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Eneo letu liko saa 3 mbele ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Je, tatizo liko kwenye kichujio au kwenye data?

Jibu la kwanza
Ndugu, liko kote kuwili, na ni heri uyatenganishe mambo hayo kabla ya kugusa msimbo.

Tuanze na mipaka. JavaScript, lugha uliyoandikia kichujio chako, husoma tarehe iliyoandikwa hivyo, bila saa, kuwa saa 6 usiku ya UTC, na kwenu wakati huo tayari ni saa 9 usiku. Ndiyo maana oda za mwanzo wa tarehe 1 zinabaki nje. Mpaka wa mwisho una kasoro hiyohiyo na nyingine kubwa zaidi, kwa kuwa unakomea mwanzoni mwa tarehe 31. Anzia >= new Date("2024-03-01T00:00:00+03:00"), kisha ukomee < new Date("2024-04-01T00:00:00+03:00"). Wapo wanaopenda kumalizia kwa 23:59:59, lakini mimi siishauri njia hiyo, maana Firestore huhifadhi wakati hadi sehemu ya milioni ya sekunde, na oda iliyoingia ndani ya sekunde ile ya mwisho itapotea kimyakimya.

Jibu la pili
Kuhusu oda za zamani, tazama kwenye konsoli aina ya uga wenyewe. Nashuku zilihamishwa zikiwa maandishi, mfano "15/03/2024", ilhali za sasa ni Timestamp, yaani aina ya data ya tarehe na saa. Mpaka ukiwa wa Timestamp, hati yenye maandishi hairudi wala hupewi onyo. Usijaribu kuchuja kwa maandishi hayo, kwani hulinganishwa herufi kwa herufi, na "02/04/2024" itatangulia "15/03/2024". Andika skripti itakayozipitia oda hizo na kugeuza uga huo kuwa Timestamp, ukianza na nakala. Hati zisizo na uga huo kabisa nazo hazitatokea.

Muulizaji
Nashukuru sana. Tarehe 31 sasa imetimia, na oda za zamani ni maandishi kweli. Hata hivyo, nilipoongeza sharti kwamba uga wa hali uwe "imelipwa", nilipata hitilafu papo hapo.

Jibu la kwanza
Hilo ni jepesi. Sharti la usawa kwenye uga mmoja, likiambatana na mipaka ya kuanzia na kukomea kwenye uga mwingine, huhitaji faharasa ya pamoja ya hali na tarehe, yaani orodha ambayo Firestore huitumia kutafuta kwa nyuga hizo mbili kwa pamoja. Ndani ya ujumbe wa hitilafu kuna kiungo cha kuiunda. Kibofye, usubiri ujenzi ukamilike, kisha ujaribu tena.