Kwaresima imefika katikati na mimi nimekauka kabisa, nifanyeje?

mtoro_wa_sala
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Jumatano ya Majivu nilitoka kanisani nawaka kweli, nikajiwekea ahadi kibao, simu nazima saa tatu usiku, rozari kila siku, Injili ya Marko naimaliza yote maana ni sura 16 tu, na umbea naacha. Siku ya tisa vyote chali. Ila hilo sio kubwa. Kwaresima ya mwaka jana niliifunga yote nikimwombea mama apone, tukamzika wiki moja baada ya Pasaka. Sasa nikipiga magoti naona kama naongea na ukuta, padri akisema tumaini hilo neno linanipita tu. Kuna mtu amewahi kupita hapa akatoka? Msiniambie nisali zaidi tafadhali, hiyo nimeshaambiwa sana

Kinanda
Milele amina. Pole sana ndugu yangu. Kuhusu ahadi, mi nadhani ulibeba mizigo minne kwa mpigo, nani anaweza? Chagua moja, ile ndogo kuliko zote, uanze nayo leo usiku. Na ujue zile siku 40 Jumapili hazimo, kuanzia Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46, toa Jumapili 6 ndo unapata 40. Kwa hiyo hata Kanisa lenyewe limekuwekea vituo vya kupumzika njiani, wewe unataka kukimbia bila kusimama

mkali_wa_neno
Tatizo ni imani ndogo. Ukiamini kweli huwezi kukauka. Funga siku tatu kavu uone

bibi_harusi_wa_zamani
@mkali_wa_neno mwenzetu kafiwa na mama yake na amesema wazi asiambiwe asali zaidi, wewe unamwongezea mfungo? Eliya alilala chini ya mti akaomba afe, malaika hakumuuliza imani yake ina kilo ngapi, alimwamsha akamwambia ale, akalala tena, akaamshwa tena akala, ndo akatembea siku 40 mpaka Horebu. Soma 1 Wafalme 19. Chakula na usingizi vilitangulia

Mtoa mada, unalala lakini? Nauliza kwa sababu mi nilipofiwa na mume wangu nilikuwa najilaumu nimepoa kiroho kumbe nilikuwa nalala masaa matatu.

mtoro_wa_sala
Usingizi wa kuokoteza bibi. Ila kuna kitu sijakisema hapo juu, ukweli nina hasira na Mungu na naogopa kuisema kwenye sala, nahisi ni dhambi

msoma_zaburi
Hapo sasa ndo penyewe. Mi ni Mlutheri lakini hili letu wote. Fungua Zaburi ya 88 usome mpaka mwisho. Zaburi nyingi za kulia zinaanza na machozi halafu mbele kidogo mtu anamshukuru Mungu, hii hapana, inaanza kwa kilio na inaishia gizani, neno la shukrani hamna. Na bado imo kwenye Biblia, watu wameisali miaka na miaka. Maana yake mtu anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye, aliyeondoka ni yule aliyenyamaza akaenda zake.

Halafu angalia Martha kwenye Yohana 11. Lazaro ana siku nne kaburini, Yesu anafika, dada mtu anamwambia ungekuwepo ndugu yangu asingekufa. Hiyo ni lawama kabisa usoni! Na Yesu hakumkemea. Mariamu naye akaja na maneno yale yale, Yesu akalia. Alijua anakwenda kumfufua lakini alilia kwanza, hapo mimi huwa nashindwa kuendelea kusoma. Wewe mwambie hivyo hivyo, ungekuwepo mama yangu asingekufa. Usipambe

Kinanda
Na hiyo Injili ya Lazaro kwetu Wakatoliki ndo ya Jumapili ya tano ya Kwaresima, Mwaka A (masomo ya misa yanazunguka miaka mitatu, A, B na C). Sikuwahi kuiunganisha na lawama ya Martha, asante Mlutheri 😀

Kingine kidogo, majivu yale tuliyopakwa yanatokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Yaani yale tuliyoimbia Hosana ndo yamechomwa. Sijui kama inakusaidia, mimi ilinisaidia mwaka niliopoteza kazi

mtoro_wa_sala
Matawi ya mwaka jana nilimpelekea mama kitandani. Jamani.

Nimesoma hiyo 88, nimelia mpaka kichwa kinauma lakini ni mara ya kwanza nimelia mbele ya msalaba tangu mazishi. Sijisikii vizuri, sitawadanganya. Ila ukuta haukuwa ukuta leo. Simu nazima sasa hivi, hiyo moja ndo nimechagua

bibi_harusi_wa_zamani
Zima ulale. Kesho ukiamka tuambie mama alikuwa anaitwa nani kwa jina la ubatizo, nitamtaja kwenye rozari yangu, wewe pumzika hiyo kazi nifanye mimi