Nusu marathoni wiki 11 zijazo, baridi inanimaliza. Naombeni ushauri

Wakuu, habari zenu. Nimejiandikisha nusu marathoni (kilomita 21), ada nimeshalipa, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna. Mbali zaidi niliyowahi kukimbia ni kilomita 10. Nakimbia mara nne kwa wiki, alfajiri kabla ya kazi, giza bado totoro.

Kabla baridi haijaingia nilikuwa natumia dakika 6 kwa kilomita bila taabu. Sasa kwenye theluji ni dakika 6 na sekunde 40, na moyo unadunda vilevile. Jumapili kamba ya kiatu ilifunguka, nikainama kuifunga. Vidole ganzi tupu, nikahangaika nayo weee. Nilipoinuka, fulana ya pamba niliyoilowesha jasho ilikuwa imenigandia mgongoni kama tambara la deki. Nilitetemeka mpaka nyumbani.

Je, pumzi imeshuka? Nihamie kwenye mashine ya kukimbilia ya gym moja kwa moja?

Kijasho: Mkuu, hiyo fulana ifanye ya kulalia. Pamba inanyonya jasho na kulishikilia, ukisimama tu umekwisha. Ndani vaa nguo ya kukimbilia inayobana kidogo na kukauka upesi, juu jaketi jepesi la kuzuia upepo. Vaa kana kwamba nje kuna joto zaidi kwa nyuzi 10 hivi. Ukitoka mlangoni hujasikia baridi, ujue umevaa kupita kiasi. Glovu na kofia usiache.

MamaPumzi: Pumzi yako haijashuka. Kwenye theluji kila ukisukuma, mguu unarudi nyuma kidogo, nguvu inapotea hapohapo. Halafu hatua zinakuwa fupi kwa kuogopa kuteleza. Utapataje dakika 6? Acha kuchungulia saa, kimbia kwa muda: dakika 50, 60, hadi 100 Jumapili. Mwendo uwe ule ambao ungeweza kumsimulia mtu umbea bila kuhema. Mimi msimu wangu wa kwanza nilibishana na saa nikaishia kuumia nyonga, wiki tatu nimelala.

Rungu: Dawa ni kukimbia 21 zote mazoezini, mara mbili tatu. Siku yenyewe hutaogopa kitu.

MamaPumzi: @Rungu kwa mtu aliyeishia 10? Utamvunja ugoko. Aongeze kilomita moja au mbili tu kila Jumapili, kila wiki ya nne apunguze, akifika 16 au 18 inatosha. Wiki mbili za mwisho anapunguza mazoezi.

Kokoto: Kuhusu mashine: siku ya barafu ile nyembamba isiyoonekana, nenda gym bila kujiuliza, weka mwinuko wa asilimia 1. Mazoezi ya kasi pia yafanyie huko. Ila mbio ndefu kimbia nje, maana mashindano hayafanyiki juu ya mkanda. Na upepo ukiwepo, anza kwa kuukabili, urudi nao mgongoni. Ukifanya kinyume utaurudia na jasho lote mwilini, utajuta. Giza hilo nalo, vaa kizibao kinachong'aa na ukimbie ukiyatazama magari yanayokuja.

Mleta mada: Asanteni sana. Swali moja: kifua kinawasha nikivuta hewa ya baridi, ni kawaida?

Kijasho: Hewa kavu hiyo. Funika mdomo na pua kwa skafu nyepesi, na dakika tano za kwanza tembea haraka. Lakini kifua kikibana au kikipiga miluzi, kamwone daktari, usijitibu humu.

Mleta mada: Mrejesho wa leo. Dakika 75, saa nimeificha ndani ya glovu. Skafu imeganda barafu mbele ya mdomo, kope nazo nyeupe, wanangu wamenicheka mlangoni. Mgongo mkavu. Sijui nimekimbia kilomita ngapi, simu ilizima njiani kwa baridi.

MamaPumzi: Afadhali ilizima 😂