Naomba ushauri: nilikuwa mkimbiaji, nikawa mwanajeshi, na sasa siwezi kustahimili mlio wa bastola ya kuanzishia mbio

Mruka_Viunzi aliandika:

Salamu kwenu wanajukwaa. Nina umri wa miaka 41, naishi Kasarani na mke wangu na watoto wetu wawili, na jambo ninalolileta hapa nimelibeba zaidi ya mwaka mzima bila kumweleza mtu isipokuwa mke wangu, ambaye naye nilimweleza nusu tu.

Mwaka 2005 nilipata ufadhili wa masomo katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani kwa sababu ya miguu yangu. Nilikuwa nikikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na wanaoijua mbio hiyo wanajua kwamba ni viunzi 28 na maji mara 7, na kwamba Mkenya anayeikimbia ugenini hatarajiwi kushindwa. Mimi nilishindwa mara nyingi, lakini nilihitimu. Wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa limefungua mpango ulioitwa MAVNI, ambao uliwaruhusu wageni waliokuwa nchini humo kihalali, wakiwemo wanafunzi, kujiunga na jeshi ikiwa walijua lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Nilijiunga mwaka 2010, nikapata uraia muda mfupi baadaye, na mwaka 2012 nikapelekwa Kandahar, Afghanistan, kuendesha malori ya mizigo. Kiswahili changu hakuna aliyewahi kukiuliza tena. Kuhusu barabara za kule nitasema tu kwamba mabomu yalitegwa ardhini, na kwamba lori lililokuwa mbele yangu halikufika.

Nilitoka jeshini mwaka 2014 na kurudi nyumbani miaka saba baadaye. Nilidhani nimepona, hadi siku ya michezo shuleni kwa mwanangu. Mwalimu alifyatua bastola ya kuanzishia mbio, nami nilipopata fahamu nilijikuta nimelala kifudifudi nyuma ya basi la shule, kiganja kikiwa kimechubuka, na mwanangu akiwa amesimama mstarini akinitazama badala ya kukimbia. Niliwaambia watu kwamba nimeteleza.

Kinachoniuma ni kwamba mlio ule zamani ulikuwa ukinituliza. Kabla yake tumbo lilinisokota, lakini ulipolia tu, mwili ulijua kazi yake.

Sasa mwalimu mkuu ameniomba niwafundishe wakimbiaji wa shule kuanzia muhula wa kwanza, kwa kuwa mwanangu amemtangazia kila mtu kwamba baba yake alikimbia Marekani. Nimekataa mara mbili kwa kisingizio cha goti. Je, nikubali? Na nikikubali, nimweleze mwalimu mkuu ukweli, ilhali najua jinsi maneno yanavyosafiri katika mtaa wetu?

Mstaafu_Kahawa alijibu:

Ndugu yangu, pokea salamu za mwenzako. Mimi niliingia Somalia na KDF, jeshi letu la Kenya, mwezi Oktoba 2011, katika Operesheni Linda Nchi, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi Kahawa Magharibi. Kwangu si bastola, bali ni mfuko mweusi wa plastiki ulioachwa kando ya barabara. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ile mwaka 2017, watu walilalamika sokoni, nami nilikuwa nikishukuru kimoyomoyo.

Sitakuambia lolote kuhusu shule. Umesema mkeo anaijua nusu ya habari. Mke wangu naye alijua nusu kwa miaka minne, na ile nusu nyingine akaijaza mwenyewe: alidhani nina mwanamke mwingine, kwa sababu nilikuwa naamka saa nane usiku na kwenda kukaa nje ndani ya gari. Nilipomweleza, alilia, kisha akauliza kwa nini nimemtesa hivyo. Anza hapo, kabla ya mwalimu mkuu.

Mwananchi_Wa_Kawaida alijibu:

Bila kukukosea heshima, ndugu, ulikwenda kwa hiari yako kupigana vita vya watu wengine, na wakakulipa kwa dola. Vijana wetu walioumia Somalia hawana hata anayewaulizia. Kama ni msaada, waombe waliokutuma.

Mruka_Viunzi alijibu:

Ni kweli kwamba nilikwenda kwa hiari, na sijaomba fedha hapa. Nilipojiunga nilikuwa na shahada, viza inayokaribia kwisha, na mama aliyekuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Kila mtu anaweza kuupima uamuzi ule kwa mizani yake. Swali langu linahusu mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyeacha kukimbia ili anitazame.

Dada_wa_Ruaka alijibu:

Hata hivyo, hilo la kuwaomba waliokutuma lisipuuzwe kwa sababu tu limesemwa kwa ukali. Kaka yangu alitumikia jeshi hilohilo naye anaishi huku nyumbani. Je, uliwahi kuwasilisha dai la ulemavu uliotokana na utumishi? Wengi hudhani ni la waliopoteza viungo pekee, lakini kiwewe cha vita kinahesabiwa, na hata mvumo wa masikioni unahesabiwa. Dai hilo halina muda wa mwisho tangu kutoka jeshini, linaweza kuwasilishwa kwa mtandao, na malipo yake hayakatizwi kwa sababu unaishi nje ya Marekani. Tatizo likishatambuliwa kwamba lilitokana na utumishi, upo mpango wa kugharamia matibabu yake ukiwa katika nchi nyingine, ingawa mara nyingi hulazimika kulipa kwanza, kisha udai urudishiwe, kwa hiyo tunza kila risiti. Na usimlipe dalali anayedai asilimia fulani ya malipo yako. Kaka yangu alimlipa mmoja, akajutia.

Muuguzi_Ngara alijibu:

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Siwezi kumpima mtu kupitia maandishi, ila naweza kueleza jambo moja ambalo huenda likakusaidia kuamua.

Ubongo wako haukuharibika. Ulijifunza somo lililokuwa sahihi mahali lilipofundishwa. Kandahar, mtu aliyelala chini upesi aliposikia mlipuko alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Shida ni kwamba somo hilo limehamia Kasarani pamoja nawe, na kila unapokwepa mlio unapata nafuu, na nafuu ile inaufundisha ubongo kwamba kweli kulikuwa na hatari. Ndiyo maana kukwepa hukua. Leo ni bastola, kesho ni bodaboda inayopiga mlipuko kwenye ekzosi, na keshokutwa mtu hatoki nyumbani mkesha wa Mwaka Mpya kwa kuogopa fataki. Nadhani tayari unaketi mgongo ukiwa ukutani kila unapoingia hotelini.

Matibabu yanayojulikana kusaidia hufuata njia ya kinyume: mtu husogezwa kidogo kidogo kuelekea kile anachokiogopa, akiwa na mtaalamu, kwa mpango, pengine akianza na sauti iliyorekodiwa tena ya chini kabisa, huku pia akisimulia lile tukio lenyewe hadi liwe kumbukumbu kama kumbukumbu nyingine. Usijaribu kujitibu kwa kwenda kusimama karibu na mwanzishaji mbio eti ujizoeze kwa nguvu. Nimewaona waliofanya hivyo wakarudi nyuma hatua nyingi. Tafuta kwanza mtaalamu aliyefunzwa kutibu kiwewe, na umuulize waziwazi kama amewahi kuwahudumia askari. Na ikiwa ipo siku unawaza kwamba familia yako ingekuwa heri bila wewe, usisubiri miadi. Nenda hospitalini siku hiyohiyo.

Kocha_Githurai alijibu:

Nimefundisha riadha shuleni kwa miaka ishirini na miwili, na naona wote mmeruka jambo dogo la kiufundi. Mwalimu wa mazoezi hahitaji bastola! Siku za mazoezi sisi hutumia filimbi au mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, ambazo mtu huzigonganisha juu ya kichwa. Bastola hutoka siku ya mashindano tu, na siku hiyo kocha hukaa upande wa pili wa uwanja akihesabu mizunguko. Katika Michezo ya Olimpiki yenyewe, mlio siku hizi hutoka kwenye spika zilizowekwa nyuma ya wakimbiaji. Kwa hiyo kazi uliyoombwa na kitu unachokiogopa havikutani mara nyingi kama unavyodhani.

Kwa mwalimu mkuu inatosha kusema: "Milio ya ghafla inanisumbua tangu nilipokuwa jeshini, naomba mtu mwingine aanzishe mbio." Hiyo ni sentensi moja, nawe huwiwi ya pili. Tena nasema kwa ubinafsi wa kikocha: watoto wetu wanarukia vigoda na matairi kwa sababu hatuna mtu wa kuwaonyesha namna ya kukanyaga kiunzi cha maji bila kupoteza mwendo. Nchi iliyoshinda dhahabu ya wanaume ya mbio hiyo katika kila Olimpiki iliyohudhuria tangu 1968 hadi 2016 inafundisha watoto wake kwa tairi la matatu.

Mruka_Viunzi alijibu:

Nimesoma yote mara mbili, pamoja na ya Mwananchi. Jana usiku, watoto walipolala, nilimweleza mke wangu ile nusu iliyobaki. Hakulia kama mke wa Mstaafu. Aliniambia kwamba aliiona chubuko ya kiganjani siku ile, na kwamba mtu aliyeteleza huchubuka kiganja kimoja lakini hakai nyuma ya basi dakika kumi. Dada wa Ruaka, dai sikuwahi kuwasilisha, na leo nimeanza kutafuta karatasi za kutoka jeshini. Muuguzi, ni kweli kuhusu ukuta.

Kocha, nina swali. Mbao zile zikigonganishwa, mlio wake ukoje? Na je, naruhusiwa kuzishika mimi mwenyewe?

Kocha_Githurai alijibu:

Mlio wake ni kama mlango uliofungwa na upepo. Atakayezishika ndiye anayejua zitalia lini, kwa hiyo ningependa uwe wewe, ila muulize kwanza mtaalamu utakayempata. Jumamosi tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njoo na mwanao.