Eti nijaribu kuendesha upande wa pili wa barabara!

Wakuu, naandika huku mikono ikinitetemeka. Yule muuzaji wa spea wa ng'ambo mnamjua, sina haja ya kumtaja: ndiye mwenye nyota nyingi kuliko anga la Dodoma, na humwita kila mtu "rafiki mpendwa" hata kabla hajasalimiwa. Leo asubuhi, baada ya siku kumi na moja za kimya, amenijibu kwamba ikiwa taa alizoniuzia zinamulika upande usiofaa, basi nijaribu kuendesha upande wa pili wa barabara. Nilimpa mke wangu simu aisome sentensi hiyo, naye akacheka hadi akakaa chini.

Nilikuwa nimeagiza taa mbili za mbele za gari langu, Toyota IST. Nilimpa namba ya chasisi inayoanza na NCP61, nikampigia picha kibati chenyewe, nikamwandikia kwa herufi kubwa kwamba usukani wangu uko kulia. Akanitumia za Scion xA, ambayo ni IST hiyo hiyo iliyouzwa Marekani kama toleo la 2004 hadi 2006, usukani ukiwa kushoto. Kwa macho zinafanana kama mapacha, na fundi alipozifunga alinipa hongera. Usiku nikatoka nazo Pugu kwenda Chanika, na kila dereva niliyepishana naye alinipigia honi, kwa sababu taa za huko huinua mwanga upande wa kulia ili kumulika ukingo wa barabara yao, na kwetu upande huo ndiko wenzetu wanakotokea. Dereva mmoja wa lori alisimama kabisa, akaniuliza kama nimebeba jua.

Halafu niendeshe upande wa pili! Na huyu ndiye aliyenisihi nilipe kupitia PayPal, ule mtandao wa malipo, kwa njia ya kuwatumia ndugu na marafiki, eti ataniokolea makato ya dola 6, nami nikampelekea dola 148 kama mtu anayemtumia shangazi fedha za matibabu. Nikalipa ushuru, nikalipa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ili niwapofushe wakazi wa Chanika. Sitaki ushauri. Nataka mniambie kama mtu mwenye akili timamu anaweza kuandika sentensi ile.

Fundi wa Gerezani: Pole, mkuu. PayPal humpa mnunuzi siku 180 za kufungua shauri, lakini ulinzi huo haumhusu aliyetuma fedha kama anayemtumia ndugu. Kwa hiyo huyo si muuzaji tena, ni binamu yako, na shauri lako lipelekwe kwenye kikao cha ukoo.

Mama Noah: Nimecheka peke yangu ndani ya daladala, watu wananitazama. Dola 6, baba?

Mleta uzi: Nimesema sitaki ushauri. Hivi mmesoma pale aliponiambia niendeshe upande wa pili?

Kijana wa Ngara: Tumesoma, mkuu, umepaandika mara tatu. Vuka Rusumo uingie Rwanda, huko wanaendesha kulia, na taa zako zitakuwa sahihi kabisa. Muuzaji hajakosea, wewe ndiye unaishi nchi isiyofaa.

Mzee wa Mark X: Mnalilia taa! Mimi niliagiza gia boksi Japani kwa uhamisho wa benki. Ankara ya kwanza ilikuja vizuri, kisha usiku ikaja barua pepe nyingine yenye nembo ile ile na jina lile lile, ikisema kwamba akaunti imebadilika kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu, na benki mpya haikuwa hata Japani. Nikalipa dola 900. Muuzaji halisi mpaka leo ananiuliza nitalipa lini.

Fundi wa Gerezani: Hukupiga simu kuhakikisha, mzee wangu?

Mzee wa Mark X: Nilipiga namba iliyokuwa kwenye barua mpya. Walinipokea kwa upole sana.

Mleta uzi: Pole, mzee, lakini wewe hukuambiwa uendeshe upande wa pili wa barabara. Kuna mtu anayehitaji taa za IST zilizotumika usiku mmoja tu?

Mama Noah: Afadhali ninyi mliotapeliwa na watu wa mbali. Saiti mira yangu ilitoka Osaka hadi hapa Tabata bila mkwaruzo, ikavunjikia mkononi mwa fundi, na bado anadai hela ya ufundi.

Kijana wa Ngara: Usimlipe hata senti.

Fundi wa Gerezani: Tusihukumu kabla ya kusikiliza upande wa fundi. Alibandua kioo kwa kukipasha joto kwanza, au alitumia bisibisi?

Mama Noah: Alitumia kijiko, tena cha jikoni kwangu.