Kikundi cha familia: gari la Dada limechemsha

JUMAMOSI

Dada: Jamani, kuna mtu yuko kwenye simu? Gari limechemsha. Nimesimama pembeni, mvuke unatoka chini ya boneti.

Mama: Mwanangu! Na watoto je?

Dada: Nimewateremsha Mama, wamekaa kivulini, mbali na barabara.

Mama: Afadhali. Wasiondoke hapo.

Kaka: Una maji? Fungua rejeta, pale yanapopoozwa maji ya injini, uyamimine, injini ipoe.

Mjomba: HAPANA. Asiguse mfuniko.

Mjomba: Mpwa wangu, injini umeizima?

Dada: Shikamoo Mjomba. Nimeizima.

Mjomba: Marahaba. Usiiwashe tena kwanza. Maji ya humo yamefungiwa kwa presha, ndiyo maana yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko sasa presha inaondoka ghafla, maji yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Nimewaona watu waliobabuka hivyo, makovu hayatoki.

Kaka: Basi ayamwage kwa nje tu?

Mjomba: Nako asimwage. Hedi, yaani kichwa cha injini hiyo, ni ya alumini. Ikiwa na moto wa namna hiyo ukaipiga maji baridi, inaweza kupasuka. Afungue boneti tu, tena kwa uangalifu, akae angoje. Hata saa nzima.

Dada: Mjomba kuna kitu kimenichanganya. Mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu, halafu ukashuka wenyewe. Nikadhani limepoa, nikaendelea.

Mjomba: Uliendelea muda gani?

Dada: Dakika 2 hivi. Ndipo nikaona mvuke.

Mjomba: Ule mshale unafuata sensa, kidude cha kupima joto kilichozama ndani ya maji. Maji yakikimbia, sensa inabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kushuka huku chuma kinaungua. Ukiuona umepanda kisha umeanguka ghafla, hiyo ni hatari kuliko ile ya kwanza. Simama hapo hapo.

Shangazi: Hili leo ndiyo nalisikia, na nimeendesha gari tangu mkiwa wadogo.

Dada: Saa imepita. Nimeshika ule mpira mnene wa juu wa rejeta, hauniunguzi tena.

Mjomba: Vizuri. Kunja kitambaa kizito, weka juu ya mfuniko, uzungushe kidogo tu. Ukisikia unapumua, uache upumue. Ukinyamaza ndipo uutoe.

Dada: Nimeutoa. Maji siyaoni kabisa.

Mjomba: Mimina taratibu, upe hewa nafasi ya kutoka. Yameingia kiasi gani?

Dada: Chupa 2 za lita moja na nusu.

Mjomba: Lita 3. Gari dogo kama lako hubeba lita 5 au 6 kwa jumla. Ulikuwa umebakiwa na nusu. Sasa angalia chini, kuna maji yanadondoka?

Dada: Pakavu.

Mjomba: Basi rudi nyumbani polepole. AC zima. Washa hita, joto lote, feni ya ndani mwisho kabisa, vioo vyote chini.

Mama: Hita kwenye jua hili, na watoto humo ndani?

Mjomba: Dada yangu, najua. Hita ni rejeta ndogo. Inachukua joto la injini na kulimwaga ndani ya gari. Watatoka jasho lakini watafika. Mshale ukisogea juu ya katikati, asimame.

Dada: Tumefika. Mshale haukupanda.

Mama: Asante Mungu. Asante kaka yangu.

Mjomba: Sasa niambie, lilichemsha ukiwa kwenye mwendo au kwenye foleni?

Dada: Foleni. Kwenye barabara wazi huwa halina shida yoyote.

Mjomba: Hapo gari limeshajieleza. Ukiwa kwenye mwendo, upepo unaipuliza rejeta. Kwenye foleni hakuna upepo ila wa feni. Lingekuwa linachemsha kwenye mwendo kasi, ningeshuku rejeta imeziba, au pampu ya maji. Kesho injini ikiwa baridi, liwashe, weka AC, uchungulie kama feni ya mbele inazunguka. Mikono mbali, hiyo feni huanza bila kukuaga.

Dada: Sawa Mjomba. Ila kuna jambo sikulisema. Hii ni wiki ya 3 naongeza maji. Kila Jumapili, maji ya bomba, kama nusu lita. Nilijua ni kwa sababu ya jua.

Mjomba: Nimerudia kuusoma huo ujumbe mara mbili. Ngoja niandike kwa kirefu, na wote mnaoendesha msome.

Mjomba: Maji ya rejeta hayaliwi na jua. Mfumo umefungwa, hauna pa kuyapeleka. Ukiongeza mara moja kwa mwaka, sawa. Ukiongeza kila wiki, maji yanatoka mahali na lazima pajulikane. Yatakuwa yametoka kwenye mpira uliopasuka, kwenye pampu, kwenye mfuniko uliochoka, au yanaingia ndani ya injini yenyewe. Kisha kila ulipoongeza maji matupu ulikuwa unaizimua kulanti, ile dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta. Kulanti ndiyo inayopandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Maji ya bomba yana chumvi inayoganda kwenye vijia vya rejeta. Kwa hiyo kila Jumapili ulikuwa unaifanya injini ichemke mapema zaidi kuliko Jumapili iliyopita. Sikulaumu mpwa wangu, hukuambiwa. Lakini usiongeze tena bila kutafuta yanakokwenda.

Kaka: Msikilizeni. Mimi niliongeza mwezi mzima. Fundi akaniambia magari ya zamani ndivyo yalivyo. Baadaye ekzosi ikatoa moshi mweupe hata injini ikishapata moto, na oili ikageuka rangi ya maziwa. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, ilikwenda, hedi ikapinda. Injini ile haikupona.

Shangazi: Sikujua kama ndivyo ilivyokwenda. Pole sana mwanangu.

JUMATATU

Dada: Mjomba, feni haizunguki hata nikiweka AC. Nimempelekea fundi wa karibu, anasema feni si tatizo, atoe themostati tu maji yapite muda wote.

Mjomba: Mwambie asante, usimwachie gari.

Mjomba: Themostati inafunga njia ya rejeta mpaka maji yafike kama nyuzi 82 hadi 90, kutegemea gari, ndipo inafungua. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta, inachakaa. Na kuna injini ambazo themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato. Isipokuwepo, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta. Umeitoa ili lipoe, kumbe linachemsha zaidi. Kama ni mbovu, inabadilishwa. Watu wa nchi za joto wameaminishwa kwamba hawaihitaji, na jambo hili limeniuma miaka yote ya kazi yangu.

Dada: Nimepata fundi mwingine. Amekagua fyuzi na rilei (swichi ya umeme ya feni), ni nzima. Akaiunga feni moja kwa moja na betri, haikutikisika. Mota imekufa. Na mpira wa mfuniko umekauka, una nyufa.

Mjomba: Hapo sasa. Feni imekufa, maji yanapanda moto kwenye foleni, mfuniko hauwezi kushika presha, unayatapika. Likipoa hupaoni panapovuja. Nunua mfuniko wenye namba ile ile ya presha iliyoandikwa juu yake, usizidishe wala usipunguze. Aisafishe rejeta ndani na nje, na kava la feni alirudishe mahali pake. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni.

Shangazi: Mjomba wao, kulanti ni ya kijani au nyekundu?

Mjomba: Rangi si kipimo, kila kiwanda kina yake. Soma kitabu cha gari kinataka aina gani. Aina mbili zisizopatana zikikutana huweza kuwa ute na kuziba. Kama si ile iliyokwisha kuchanganywa, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi.

Mama: Na hiyo ya zamani iliyomwagwa?

Mjomba: Umeuliza la maana kuliko yote, dada yangu. Nyingi ni sumu na ina ladha tamu. Mbwa na paka huilamba wakafa, mtoto naye akionja inaharibu figo. Isibaki kwenye ndoo wazi, na iliyodondoka chini ioshwe kwa maji mengi.

Dada: Nimemwambia fundi, ameitia kwenye dumu lenye kifuniko.

ALHAMISI

Dada: Niko kwenye foleni ile ile, gari limesimama (watoto wanaandika, mimi nasema). Jua kali. Mshale uko katikati. Feni imewaka, ikazima, imewaka tena, tunaisikia.

Mjomba: Asubuhi kabla hujaiwasha, uangalie kile kichupa cha akiba ya maji ya rejeta. Uniambie maji yako kwenye mstari gani.

Dada: Nilishaangalia leo Mjomba. Yako pale pale pa Jumatatu.