Acheni kuwadanganya watu kwamba utatoka Nairobi alfajiri na kulala Zanzibar siku hiyohiyo

Wakuu, hili limetuchosha. Kila likizo ikikaribia watu wanauliza humu namna ya kufika Unguja bila ndege, na kila mara jibu ni lilelile: "Panda basi la alfajiri, jioni uko kwenye boti." Mawakala wa mabasi nao wanasema hivyohivyo dirishani, maana shida yao ni kuuza kiti. Anayeumia ni mama mwenye watoto wawili na mabegi matatu, anashushwa Mbezi Luis, stendi ya mabasi ya Dar, saa nne usiku wakati boti ya mwisho ya Zanzibar iliondoka saa kumi jioni.

Pigeni hesabu kwanza. Nairobi hadi Namanga, mpakani, ni kama kilomita 165. Namanga hadi Arusha 110. Arusha hadi Dar ni 630 na ushei. Jumla mnapita 900. Upande wa Tanzania basi limefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, kikomo ni kilomita 80 kwa saa, na kila penye kibao cha 50 dereva anashuka hadi 50, la sivyo trafiki wanamsubiri mbele. Na barabara hiyo ina vijiji vingi. Ukipata wastani wa 60 shukuru. Hizo ni saa 15 tupu, hujahesabu foleni ya uhamiaji, mizani wala kusimama kula. Kwa hiyo basi la saa 12 asubuhi linaingia Dar kati ya saa 3 na saa 5 usiku. Boti za kasi kwa kawaida zinaondoka saa 1 asubuhi, saa 3:30, saa 6:30 mchana na saa 10 jioni. Sasa hiyo jioni mnayowaahidi watu ni ipi?

Anayetaka kuunganisha bila kulala Dar apande basi la jioni. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku Tanzania, hivyo basi la saa 12 jioni kutoka Nairobi linafika Mbezi mnamo saa 4 asubuhi. Tiketi ya boti kata ya saa 10 jioni. Usikate ya saa 6:30 kwa matumaini, kwa sababu lori moja likianguka kati ya Chalinze na Kibaha hesabu yote imekufa.

Kosa la pili linaniudhi zaidi kwa sababu ni la uvivu tu: "Ukifika Dar shuka Feri." Feri ni kivuko cha Kigamboni, pale jirani na soko la samaki! Boti za Zanzibar zinaondokea gati nyingine, barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph. Ukitoka Mbezi nenda Kimara, panda mwendokasi (basi la haraka la jiji) wa Kivukoni, ushuke Posta ya Zamani karibu na kanisa la Azania Front. Hapo unarudi kwa miguu dakika chache, bahari ikiwa kushoto kwako. Mgeni anayepitiliza hadi mwisho wa njia anajikuta kwenye umati wa wanaovuka kwenda Kigamboni, boti yake inapiga honi upande wa pili. Mbezi hadi bandarini ni kama kilomita 25, na asubuhi kati ya saa 12 na saa 3 weka saa mbili nzima. Getini uwe umefika saa moja kabla ya boti kuondoka.

Sasa madalali wa tiketi. Hawa wanakaa nje ya geti na kitambulisho shingoni, wanakuona na begi kabla hujavuka barabara. Kwanza watakwambia boti ya saa hiyo imejaa. Pili wataomba pasipoti "nikuharakishie". Usiitoe. Mchezo wao unaorudiwa sana ni kumuuzia mgeni tiketi ya nauli ya mkazi: dalali anamtoza dola, dirishani analipa shilingi za mwenyeji, chenji inabaki mfukoni mwake. Getini wanalinganisha tiketi na hati, mgeni anakataliwa, na dalali keshapotea. Mwingine anakupa karatasi ya mkono eti "utabadilisha ndani". Hakuna kubadilisha ndani. Tiketi halali inachapwa mbele yako dirishani, au unaikata mtandaoni, ikiwa na jina lako, tarehe, saa na daraja. Jina liwe lile la kwenye hati, herufi kwa herufi. Msione ni urasimu. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikiwa imejaza kupita kiasi, Skagit ikafuata Julai 2012, na orodha sahihi ya abiria ndiyo inayowaambia ndugu nani alikuwa ndani.

Na tafadhali, mnaponukuu saa semeni ni saa gani. Tiketi inaandika 07:00, yaani saa moja asubuhi. Kuna watu wanamwandikia mgeni "boti ya saa 7" halafu anatokea mchana.

Hati nazo mnazipitia juujuu. Mkenya haingii Tanzania kwa kitambulisho cha taifa kama anavyoingia Uganda. Awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kadi ya homa ya manjano inaulizwa kwa wanaotoka Kenya, Uganda, Burundi na Kongo, na chanjo inahesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanja siku ya safari hakusaidii. Ndugu zetu wa ughaibuni wenye pasipoti za nje: tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44, hata kama una bima yako ya kimataifa. Ilipeni mtandaoni mapema, msisubiri kubishana gatini Malindi, Unguja.

Bahari. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Kwenda Unguja upepo unakusukuma kutoka nyuma, kurudi Dar unakutana nao uso kwa uso, na huko ndiko watu wanatapika. Dawa inamezwa saa moja kabla. Ukingoja hadi boti itoke mlango wa bandari umechelewa. Kaa chini, katikati kuelekea nyuma, maana pua ya boti ndiyo inayopanda na kushuka. Wanaolipia daraja la juu mbele siku ya kusi wananunua kichefuchefu. Na upepo ukizidi safari zinasitishwa, kwa hiyo msikate basi la kurudi Nairobi kwa siku ileile ya boti. Acheni siku moja katikati.

Wanaotoka Kigali au Bujumbura, kwa nini mnaelekezwa basi hadi Dar moja kwa moja? Shukeni Dodoma, pandeni treni ya SGR, inayofanya kazi tangu Julai 2024. Stesheni yake ya Dar iko katikati ya mji, bajaji ya dakika chache mko kwenye boti, na foleni yote ya Kibaha hadi Kimara mmeikwepa.

Wa Mombasa, njia yenu ni Likoni, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Segera, Chalinze. Hesabuni saa 10 hadi 12 hadi Mbezi, na mkitoka asubuhi lazima mlale Dar. Wanaokwenda Pemba waangalie kwanza chombo cha Tanga kabla ya kuzungukia Dar na Unguja, ila hakitoki kila siku. Mwenye ratiba ya wiki hii aiweke hapa chini na siku yake na saa yake, na akataje kabisa kama kinatia nanga Wete au Mkoani. "Kipo kipo" sitaki kuiona kwenye uzi huu.