Uchovu usioisha baada ya korona: zahanati zianze kuupima?

Afisa wa kliniki, Ahero
Hoja ya kila zahanati ya Kisumu kutenga siku ya kliniki kwa wanaougua miezi kadhaa baada ya korona naipinga. Jaribio la Paxlovid, dawa ya virusi vya korona, ya siku 15 huko Marekani, matokeo yake yakatoka 2024, halikuleta nafuu. Tumfungulie mtu faili tumpe nini?

Mtaalamu wa maabara, Kisumu
Daktari, kwa sasa anapewa dawa za malaria na taifodi, na hapo ndipo anapoumia. Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta protini ya HRP2, inayobaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyetibiwa juzijuzi anaonyesha mistari miwili, kana kwamba bado ana malaria, anameza AL, dawa ya malaria, tena. Widal, kipimo cha taifodi, nayo huweza kusoma kingamwili za zamani. Mgonjwa ana uchovu bila homa? Soma slaidi kwa darubini. Ukishuku taifodi, otesha damu maabara uone kama bakteria watamea.

Chanzo chenyewe cha uchovu huu si kimoja. Mabaki ya virusi vya korona yamepatikana kwenye utumbo miezi baadaye. Virusi vya Epstein-Barr, ambavyo watoto wa kanda ya ziwa huvipata wakiwa wadogo sana, hulala ndani ya seli B, aina ya seli za kinga, maisha yote na huweza kuamka kinga ikivurugika. Ndiyo maana sitarajii kidonge kimoja kiwafae wote.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Nakuru
Mazoezi je? Msuli uliolala hudhoofika. Aongeze dakika kila wiki.

Muuguzi, Kakamega
Hapana, ndugu yangu, si kwa anayefua leo akaanguka kesho au kesho kutwa. Watafiti wa Uholanzi walichukua vipande vya msuli wa paja kabla na baada ya mazoezi: mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, zilizidi kulegea, nyuzi za msuli zikaonyesha majeraha. Huyo agawe kazi, apumzike kabla hajachoka.

Kipimo kipo, na hakina gharama. Pima hemoglobini kwanza, kwa sababu upungufu wa damu nao hupandisha mapigo ya moyo. Mlaze dakika 10, andika mapigo na presha. Asimame ameegemea ukuta, visigino mbele kidogo, dakika 10, ukihesabu kila dakika. Mapigo yakiongezeka kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki huko juu (kwa 40 kwa wa miaka 12 hadi 19), presha isiposhuka sana, shuku hitilafu ya mishipa ya fahamu inayoendesha moyo. Wengi hukosea kwa kukatiza dakika ya 3, au kumwacha achezeshe miguu: misuli ya mashavu ya miguu husukuma damu juu na kuficha tatizo. Maji ya kutosha na soksi za kubana husaidia. Chumvi iongezwe tu kwa asiye na presha ya juu wala ugonjwa wa figo.

Afisa wa kliniki, Ahero
Kipimo hicho nakikubali, dada. Siku ya kliniki bado siikubali: muuguzi mmoja mwenye foleni ya wajawazito atoe wapi dakika 20?

Muuguzi, Kakamega
Basi kifanyike nyumbani. Mikoba waliyopewa wahudumu wa afya ya jamii 2023 ina mashine ya presha, na mashine hiyo husoma mapigo pia. Wafundishwe, wakuletee karatasi yenye namba.